Kura Ambayo Alpheus Doane Hakuipiga

Kila mwaka wa uchaguzi, Alpheus Doane alipopanda farasi kwenda kuomba kura katika Bonde la Sedge, aliulizwa swali lilelile, na kila mwaka jibu lake lilizidi kuwa refu na kupungua uzito. Watu wa bondeni waliuliza: hati zetu zitatoka lini?

Bonde lenyewe halikuwa kitu cha kutamanisha. Wazazi wao walilikuta kinamasi kitupu, vyura na mbu, wakalichimbia mitaro kwa sepetu huku wakitetemeka kwa homa na kumeza kwinini, mpaka maji yakakubali kuondoka na mahindi yakakubali kuota. Ardhi hiyo waliinunua kihalali kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikichimba mfereji wa mashua kaskazini mwa Indiana. Kisha reli ikaja, mfereji ukafa, kampuni ikafilisika, ndipo ikagundulika kwamba iliwauzia watu ardhi ambayo serikali ya Washington haikuwahi kuikabidhi kampuni hiyo. Kampuni ya reli ilipopata habari, ikaanza kudai kwamba bonde zima ni sehemu ya ardhi iliyopewa na serikali. Dawa ilikuwa moja tu: sheria fupi ya Bunge la taifa, iseme kwamba aliyenunua na kulima, shamba ni lake.

Sheria hiyo ndiyo iliyomwingiza Alpheus Doane katika siasa, na ndiyo iliyomzeesha.

Alikuwa fundi wa matandiko ya farasi katika mji mdogo wa Tolliver, unaopakana na bonde. Hakusoma zaidi ya shule ya majira ya baridi, ile ambayo watoto wa wakulima huhudhuria wakati ardhi imeganda na hakuna kazi shambani. Lakini alikuwa na sauti inayofika mwisho wa chumba, na alikuwa na tabia ya kutoahidi kitu asichokuwa nacho. Tabia hiyo ndiyo iliyomfanya achaguliwe, na ndiyo hiyohiyo iliyofanya watu wasimpende sana. Jotham Klinger, mkulima mwenye shamba kwenye pembe ya mto, ndiye aliyesimama katika nyumba ya shule na kulitaja jina lake kwa mara ya kwanza.

"Huyu," alisema Jotham, "ameniambia usoni kwamba farasi wangu ana vidonda mgongoni kwa sababu mimi ni mvivu wa kuanika blanketi. Mtu asiyeogopa kumtukana mteja wake hatawaogopa mawakili wa reli."

Watu wakacheka, wakampeleka Indianapolis.

Katika Bunge la jimbo Alpheus alikaa miaka mingi, kwanza katika baraza la chini na baadaye katika seneti. Aligombania sheria za mitaro, na sheria za nguruwe kuzurura ovyo, na akasikiliza hotuba za saa nzima kuhusu rangi ya mapazia ya ukumbi. Kila kikao aliandika azimio la kuiomba Washington iwahurumie watu wa Sedge. Kila azimio lilipita kwa makofi, kwa sababu halikumgharimu mtu yeyote kitu, na kila moja lilifika Washington likalala. Ilimchukua muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye akili kutambua kwamba kule Indianapolis alikuwa akigonga mlango usio wa nyumba husika.

Lakini kwenda Washington hakukuwa suala la kutaka tu. Jimbo lao la uchaguzi lilikuwa na wilaya nne, na desturi ilikuwa kila wilaya itoe mbunge kwa vipindi viwili, kisha imwachie jirani. Haikuandikwa popote. Ila mtu ambaye angeomba cha tatu angetazamwa kama mgeni anayejipakulia kipande cha pili cha mkate wa matofaa kabla wengine hawajapata cha kwanza. Alpheus akangoja. Vita vya Kaskazini na Kusini vilikuja vikapita. Jotham alikwenda na askari wa miguu, akarudi anachechemea kwa risasi aliyopigwa gotini huko Georgia. Alpheus, ambaye macho yake hayakufaa kwa bunduki, alibaki akishona matandiko ya wapanda farasi wa jeshi mpaka vidole vikapinda. Zamu ya wilaya yao ilipowadia, nywele zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe.

Akaenda. Na Washington ilimchosha kwa namna ambayo kazi ya ngozi haikuwahi kumchosha. Jioni ya kushona ngozi ilimwachia maumivu ya mgongo na hatamu iliyokamilika. Jioni za Washington zilimwachia maumivu ya mgongo tu. Asubuhi alikuta wanaume wamejipanga mlangoni mwa nyumba aliyopanga chumba, kila mmoja akitaka kuwa mkuu wa posta mahali fulani. Mchana alikaa kamatini. Usiku aliandika majibu kwa wajane waliotaka pensheni, na kutia anwani kwenye pakiti za mbegu ambazo serikali iliwapa wabunge wawagawie wapiga kura wao. Alizipeleka nyumbani kwa uaminifu, kabichi, maboga na figili, maana watu walizitegemea kuliko hotuba zake.

Majira ya joto aliporudi likizo, Jotham alimsimamisha barabarani, akainama kutoka ukingoni mwa gari lake la farasi.

"Mheshimiwa," akamwambia, "figili zako zimeota vizuri ajabu. Kama miswada yako ingekuwa na mbegu kama hizi, tungekuwa tumeshavuna."

Alpheus alicheka naye, kwa kuwa ilikuwa kweli. Lakini alipofika nyumbani alimwambia mkewe, Thirza, kwamba anajihisi kama farasi anayezungushwa kwenye kinu, anayetembea kutwa nzima na jioni akajikuta palepale. Thirza hakumbembeleza. Alimjibu kwamba hata hivyo unga husagika, akamwekea sahani ya maharage.

Muswada wa Sedge ulitoka kamatini katika majira yake ya mwisho ya baridi. Novemba iliyotangulia watu walikuwa wamekwisha kumchagua mrithi wake kutoka wilaya jirani, wakili mmoja mwenye hisa za reli mfukoni, ambaye alikuwa hajui Bonde la Sedge liko upande gani wa mto na hakutaka kujua. Ikifika Machi, Alpheus angekuwa raia wa kawaida. Kama muswada usingepita Februari hiyo, usingepita tena. Alilijua hilo, na kila mtu wa bondeni alilijua.

Basi ilikuwa Februari hiyo Kanali Lucian Mabry wa Georgia alipomfuata ujiani, nje ya ukumbi wa Bunge. Walikuwa wa vyama viwili tofauti, na wakati wa vita walikuwa pande mbili tofauti. Kwa miaka minne walikuwa wameinuliana kofia tu. Mabry alikuwa mtu wa kifua kipana na kizibao cha hariri, mwenye kupenda kusikika. Siku hiyo alizungumza kwa sauti ya chini. Binti yake alikuwa na homa ya mapafu, na nyumbani walimtaka aje haraka. Hakuna mwenzake yeyote aliyekuwa tayari kumsaidia. Je, Bwana Doane angekubali kufungana naye kura?

Hii ni desturi ya kale ya mahali pale. Mbunge akilazimika kuondoka, humtafuta mmoja wa upande wa pili, nao wawili hukubaliana kwamba aliyebaki hatapiga kura mpaka mwenzake arudi, ili upande wa msafiri usidhulumiwe. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Ni neno na mkono.

"Kwa mambo ya vyama?" aliuliza Alpheus.

"Kwa mambo yote, Bwana Doane. Sina akili ya kuyachambua sasa hivi."

Hapo ndipo mbunge mzoefu husema: yote, isipokuwa muswada wangu mwenyewe. Maneno hayo husemwa bila kufikiri, kama mtu anavyovua kofia akiingia kanisani, na hakuna anayechukia kuyasikia. Alpheus alikuwa nayo mdomoni. Lakini Mabry alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake na mabega yake makubwa yalikuwa yanatikisika, na Alpheus, ambaye yeye na Thirza waliwahi kuzika watoto wawili katika majira ya kuchipua ya mwaka mmoja, aliona aibu kuzungumzia miswada. Alimshika mkono.

"Kwa yote," akasema. "Mpaka urudi. Nenda, bwana, utakosa gari moshi."

Wakati wa chakula cha jioni ndipo alipotambua alichokiacha. Aliweka uma chini. Alijiambia kwamba muswada ulikuwa mbali kwenye ratiba na usingefikiwa kabla Mabry hajarudi. Asubuhi alikwenda kuandika telegramu ya kumwomba Mabry amfungue kwa jambo hilo moja tu. Lakini hata kabla hajaituma, mbunge mwingine wa Georgia alimwambia kwamba yule msichana amefariki. Alpheus akairarua ile karatasi. Atasubiri, alijiambia. Mtu akichoka vya kutosha, kusubiri huonekana kama ni ustaarabu.

Hakupewa nafasi ya kusubiri. Alasiri moja wabunge wengi marafiki wa reli walikuwa wamealikwa mahali kula chaza, na Wendell Strake wa Ohio, aliyekuwa akizihesabu kura za chama chao, akauona mwanya. Alimwomba Spika ruhusa, akaipata, na muswada wa Bonde la Sedge ukasomwa mbele ya viti vilivyokuwa vitupu nusu. Kisha akaja mbio kupitia safu za madawati, uso umemng'aa.

"Alpheus, mzee wangu, siku yako imefika. Usiniambie sikukupenda."

Alpheus alimweleza kwamba amefungana kura na Mabry.

"Kwa hili?"

"Kwa yote."

Strake alimtazama kana kwamba amemwona akitoka uchi barabarani. "Mpumbavu gani hufungana kura kwa yote?"

"Ndiye huyu unayemwangalia."

Strake aliketi ukingoni mwa dawati na kushusha sauti. Alisema kura ziko karibu sana, hata yeye hawezi kusema zitaangukia wapi. Alisema Mabry yuko Georgia anazika, na hata akipata habari hatafanya kitu.

"Hatafanya kitu," Alpheus alikubali.

"Basi piga kura, tumalize."

"Ndiyo maana siwezi, Wendell. Kama angekuwa na la kunifanya, ningekuwa namwogopa tu. Hana. Alichonacho ni neno langu."

"Na wale watu wako walio topeni? Wao hawana neno lako?"

Alpheus aliwaahidi watu wa Sedge kwamba atafanya kila awezalo. Alimwahidi Mabry kwamba hatafanya jambo moja. Ahadi ya kwanza ilikuwa pana na ya miaka mingi, ya pili nyembamba na ya juma moja, na mtu mwepesi angesema pana inaimeza nyembamba. Wapo wengi wa aina hiyo katika siasa, nao huwa wanalala vizuri.

"Nawajua," alisema Alpheus. "Nawajua kwa majina."

"Basi ukifika kwao," Strake alisema, akiinuka, "waambie hivyohivyo. Mmoja mmoja, kwa majina."

Karani akaanza kuita orodha. Alpheus alisikiliza akiwa ameweka mikono yake iliyopinda juu ya dawati, na tumaini lake lilikuwa dogo na la aibu: kwamba muswada upite bila yeye. Karani akafika kwenye jina lake. Alisimama.

"Nimefungana kura na mheshimiwa wa Georgia, Bwana Mabry," alisema, na sauti yake ikafika mwisho wa ukumbi kama kawaida. "Angekuwapo, angesema hapana. Mimi ningesema ndiyo."

Akaketi. Orodha ikaendelea mpaka mwisho. Kura za ndiyo na za hapana zikalingana sawasawa. Spika, ambaye angeweza kuongeza yake, hakuiongeza, akatangaza kwamba kwa kulingana kura muswada umeanguka.

Mabry alirudi akiwa amefunga kitambaa cheusi mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba aliyokaa Alpheus, akakataa kiti. Alikuwa amesikia. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba muswada ule ulikuwa wa watu wake mwenyewe, na Alpheus akasema ni kweli. Mabry alizunguka chumba kile kidogo, akitazama pakiti za mbegu zilizorundikwa kitandani.

"Ningesema hapana," alisema. "Sikudanganyi. Reli ile ina marafiki kwetu pia."

"Nilijua."

"Na nitakwambia jingine, kwa kuwa unastahili kulijua." Alisimama, lakini hakumtazama. "Ningekuwa mimi mahali pako, ningepiga kura."

Alpheus alicheka, mara ya kwanza majira yale yote ya baridi, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi. Mabry alinyoosha mkono, wakashikana, na kikao kilipoisha hawakuonana tena. Baada ya kuondoka kwake Alpheus alikaa akiangalia mlango. Alikuwa amelitunza neno lake kwa mtu ambaye asingemtunzia. Alijaribu kuona kama hilo linabadilisha chochote, akaona halibadilishi, na kuona huko hakukumpa faraja yoyote.

Machi ilipofika alipanda gari moshi kwenda kwao. Kituoni Tolliver alishangaa kuwakuta watu wakimngoja kwa upole. Mwanamke mmoja alimshikisha kibuyu cha supu ya kuku. Mwingine akamuuliza kifua chake kinaendeleaje. Hakuelewa mpaka alipofika kwenye karakana yake na kumkuta Cass Hubbell, mwenye gazeti la chama mjini hapo, ameketi juu ya kigoda chake akimsubiri.

Hubbell alikuwa amekwisha kuandika habari. Gazeti lilisema kwamba siku ya kura ya Sedge, Mheshimiwa Doane alikuwa kitandani kwa kichomi, daktari amemkataza kuinuka, na kwamba aliliwazia bonde hata katika homa.

"Sikuwa mgonjwa," alisema Alpheus.

"Najua hukuwa mgonjwa. Nina akili zangu." Hubbell hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa chama tu, na mara nyingi hiyo ni tofauti ndogo. Alieleza kwamba wakilijua la kweli, wilaya nzima itakigeuka chama, na mwaka ujao kuna uchaguzi wa gavana. "Na sikuombi useme uongo, Alpheus. Uongo nimeshausema mimi. Wewe nyamaza tu. Umechoka. Mtu aliyechoka ana haki ya kunyamaza."

Hilo la mwisho lilimwingia, kwa kuwa kweli alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kwa safari, na kwa miaka, na kwa kueleza. Kunyamaza lilikuwa jambo pekee ambalo hakuna mtu alikuwa amemtaka alifanye tangu aingie kwenye siasa, na sasa alipewa bure. Alikwenda nyumbani akala chakula chake. Siku iliyofuata Jotham Klinger alifika mlangoni akichechemea, ameshika chupa ya dawa ya kifua ambayo mama yake alikuwa akiipika kwa majani na asali. Hakuingia ndani. Alisema tu kwamba wote bondeni wanajua Alpheus angekuwa na afya, wangekuwa na hati zao sasa, na kwamba hawamlaumu mtu kwa mapafu yake. Akaacha chupa juu ya meza, akaenda zake.

Thirza aliifuta meza kuizunguka ile chupa. Alikuwa ameambiwa yote usiku ule Alpheus aliorudi.

"Bwana Doane," alisema, "hii utainywa, au utairudisha?"

Jumamosi watu wa bondeni walipokutana katika nyumba ya shule kuamua la kufanya kuhusu reli, Alpheus alikwenda, na chupa ilikuwa mfukoni mwa koti lake, haijafunguliwa. Walimpisha kiti karibu na jiko la chuma. Jotham, aliyekuwa mwenyekiti, alisema maneno machache ya shukrani kwa mtu aliyejitahidi mpaka akaangushwa na maradhi. Alpheus akasimama na kuiweka chupa juu ya meza mbele yake.

Aliwaambia kwamba hakuwa mgonjwa. Aliwaambia kwamba alikuwa kwenye kiti chake, mzima, na jina lake liliitwa, na kura yake ingetosha kuiinamisha mizani. Alieleza habari za kufungana kura, na kwamba alisahau kuutenga muswada wao, na kwamba kusahau huko ni kosa lake na si la mwingine. Alieleza kwa maneno machache. Aliwatazama huku akisema, na Strake alikuwa amesema kweli, maana Alpheus alijiona anapita kutoka uso mmoja hadi mwingine na kila uso akiuita kwa jina kimoyomoyo.

Mtu mmoja kutoka nyuma akauliza huyo mwenye kufungana naye ni mtu wa wapi.

"Wa Georgia," alisema Alpheus. "Alikuwa kanali upande wao."

Mkono wa Jotham ulishuka wenyewe mpaka kwenye goti lile la risasi. Kisha akaichukua ile chupa ya mama yake na kuitia mfukoni.

"Bora ungekuwa mgonjwa," alisema.

Ndiyo yote aliyosema. Baada ya hapo wakaendelea na mkutano, wakazungumzia mawakili na michango, na Alpheus akasikiliza kwa muda kisha akachukua kofia yake, kwa kuwa hapakuwa na aliyemtaka abaki, wala aliyemtaka aondoke.

Hubbell hakumsamehe, na chama kikamwondoa katika kamati zake zote, hata ile ya kutunza bendera. Wapimaji wa reli walifika bondeni majira ya joto na vijiti vyao. Baadhi ya watu walikubali kuyanunua upya mashamba yao kwa reli, wakilipia mara ya pili jasho la baba zao. Wengine hawakuwa na cha kulipia, wakaanza kuuza ng'ombe na kuzungumza habari za Kansas.

Jotham alikuwa mmoja wao. Hakuwa amekanyaga kwenye karakana ya Alpheus tangu Machi. Lakini hatamu zake zilikuwa kuukuu, Kansas ni mbali, na hapakuwa na fundi mwingine wa kuaminika njia nzima mpaka mtoni. Alikuja asubuhi, akazimwaga hatamu juu ya meza bila salamu. Alpheus alizichunguza, akatia uzi nta, akachukua msharasi wa kutobolea ngozi. Alifanya kazi polepole kwa sababu ya vidole vyake. Jotham alisimama mlangoni akimpa Alpheus mgongo, akitazama barabara, ambako mkewe alikuwa ameketi juu ya gari lililosheheni vitanda na vyungu.

Hatimaye Jotham aliongea, bila kugeuka.

"Kama ningekuwa ni mimi niliyekwenda kuzika, na yule kanali ndiye mwenye muswada. Ungeizuia kura yako kwa ajili yangu vilevile?"

"Ningeizuia."

"Hata kama wangekufa njaa kule Georgia."

"Hata hivyo."

Jotham alitikisa kichwa taratibu. "Najua," alisema. "Hicho ndicho kinachonikera. Ungekuwa mwongo ningekutukana, nikaenda zangu na moyo mweupe."

Alpheus alikata uzi, akauvuta mshono kwa nguvu zake zote kuupima, akamkabidhi hatamu. Alisema zitafika Kansas, na kwamba ule mkanda wa kushoto ni bora aupake mafuta kabla ya mvua, kwa kuwa ngozi yake imekauka. Jotham alisema ataupaka. Alisimama kidogo zaidi, kama mtu aliyesahau jambo, lakini hakunyoosha mkono, na Alpheus hakutegemea kwamba angenyoosha.

Gari likaondoka likipita katikati ya mji, likageuka kwenye duka la nafaka, halikuonekana tena. Juu ya meza palikuwa na kola ya farasi wa mtu mwingine, inangoja kujazwa majani. Alpheus Doane aliketi kwenye kigoda chake, akaweka mikono mapajani, wala hakuianza ile kola.